Afya ya Akili Mlangoni kwa Mtu: Mafunzo Anayoyahitaji Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii



Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga wahudumu 137,294 katika miaka 5. Mhudumu anasoma kwa miezi 6, kisha anarudi kuhudumia kitongoji au mtaa wake. Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wote. Hoja yangu ni kwamba, kwa upande wa afya ya akili, mhudumu anahitaji kufundishwa mazungumzo kabla ya majina ya magonjwa, na akirudi kijijini anahitaji mtu wa kumpigia simu.

Chukulia ziara ya kawaida kwa mzazi aliyejifungua wiki 5 zilizopita. Mhudumu anakagua kadi ya kliniki, anauliza habari za chanjo na kunyonyesha. Mtoto hana tatizo. Mama anajibu kwa mkato, macho yako ukutani. Mama mkwe anadakia: "Huyu siku hizi amekuwa mvivu tu." Mhudumu aliyekaririshwa majina analijua neno sonona, ila hajui aseme nini. Aliyefundishwa mazungumzo anamwomba bibi ampeleke mjukuu kivulini kidogo, anakaa mkekani, anauliza: "Dada, mtoto akilala, na wewe usingizi unakuja?" Anasubiri jibu bila kuharakisha. Kisha, kwa sauti ileile: "Kuna siku unaona heri usingekuwepo duniani?"

Swali hilo la mwisho ndilo linalotisha. Wahudumu wengi wanaamini kwamba ukilitaja unampandikizia mtu wazo la kujiua. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Kuuliza waziwazi hakuongezi hatari, na mara nyingi mtu hupata nafuu kwa kuulizwa. Lakini imani hiyo haiondoki kwa mhadhara. Wahudumu wakae wawiliwawili, waliulize kwa sauti, wabadilishane nafasi, warudie mpaka ulimi uzoee. Wafanye vivyo hivyo kwa hatua zinazofuata jibu la "ndiyo": kutomwacha mtu peke yake, kuomba viuatilifu na dawa zote ziondolewe nyumbani, kumpata ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe anamwamini, na kumsindikiza kituoni, siyo kumwandikia rufaa tu na kuaga.

Hapa sheria nayo inaingia. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia huficha. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba. Natamani nasi tufike huko. Kwa sasa, mkufunzi alizungumzie jambo hili bila kuzungukazunguka, ili mhudumu ajue kwamba yeye amekwenda kutoa huduma na wala si kukusanya ushahidi.

Mfano unaotajwa sana kwenye semina zetu ni Friendship Bench ya Zimbabwe, iliyoanzishwa na Dkt. Dixon Chibanda huko Mbare, Harare, mwaka 2006. Akina bibi wanakaa na mwenye shida kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo ya utafiti wa watu 573 katika kliniki 24, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha dalili zikiwa zimepungua sana baada ya miezi 6 kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Tunaporudi nyumbani tunasimulia benchi na bibi. Usimamizi wa mara kwa mara waliopewa akina bibi wale tunausahau, na bila huo sidhani kama tungekuwa na cha kusimulia.

Mhudumu wetu anachota maji kisima kimoja na huyo dada aliyemwambia siri. Msiba ukitokea, naye ni mfiwa. Hana zamu inayoisha saa tisa alasiri. Kumpa kazi hii kisha kumwacha abebe peke yake ni kumdhulumu.

Kwa hiyo naomba kila halmashauri imteue mtaalamu mmoja wa afya ya akili, hata akiwa muuguzi, akutane na wahudumu kila baada ya wiki 2 wajadili ziara zilizowashinda. Fedha za vocha na nauli za vikao hivyo ziingie kwenye bajeti ya mafunzo tangu mwanzo, zisitoke mfukoni mwa mhudumu.