ELIMU YA VITU VIDOGO MNO NI WAJIBU WA CHAMA

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Mizani ya chama ndiyo hakimu wa kwanza wa mkulima. Mwanachama anapoleta mazao yake ghalani hatosheki na maneno matupu ya Katibu. Hutazama mizani, husoma kilo, ndipo hupokea stakabadhi yake na kwenda zake akiwa na moyo mweupe. Imani yote iliyomo katika chama imejengwa juu ya desturi hiyo: kila mtu aone kipimo kwa macho yake mwenyewe.

Lakini zipo leo bidhaa ambazo mizani ya ghala haiwezi kuzipima. Zipo mbolea za chupa, dawa za kunyunyizia mimea, vichujio vya maji na nguo zisizolowa, na juu ya vibandiko vyake limeandikwa neno "nano". Muuzaji hulitamka neno hilo kwa sauti ya mtu ajuaye, na mnunuzi huona haya kuuliza maana yake. Mwanachama wa namna hiyo ni kama mkulima aliyesimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma. Atalipa atakachoambiwa alipe. Kwa sababu hiyo elimu ya nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza na kutumia vitu vidogo mno, haiwezi kuachiwa vyuo vikuu peke yake. Inawahusu wanachama wa rika zote, na chama kinao wajibu wa kuifikisha kwao.

Nanomita ni nini?

Nanomita ni kipimo cha urefu, kama ilivyo mita. Mita moja ikigawanywa sehemu bilioni moja zilizo sawa, kila sehemu ni nanomita moja. Unene wa unywele wa binadamu ni kadiri ya nanomita 80,000 hadi 100,000. Kwa mtu anayetaka mfano ulio karibu zaidi, na atazame kucha zake. Kucha hukua kadiri ya nanomita moja kwa sekunde. Katika muda wa kulitamka neno "ushirika", kucha ya msemaji imekwisha kurefuka nanomita moja.

Mwaka 1959 mtaalamu wa fizikia wa Marekani, Richard Feynman, alieleza katika hotuba yake kwamba binadamu ataweza siku moja kupanga vitu kwa kushika atomu mojamoja. Mwaka 1974 Norio Taniguchi wa Japani alilitumia neno nanoteknolojia. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, wakifanya kazi Uswisi, walivumbua hadubini iliyowezesha watu kuona mpangilio wa atomu juu ya uso wa kitu, na mwaka 1986 walipewa Tuzo ya Nobel.

Pengine mwanachama atauliza: kitu kikiwa kidogo, kuna faida gani? Jibu limo jikoni. Chumvi ya mawe huchelewa kuyeyuka, bali chumvi ya unga huyeyuka mara moja. Chumvi ni ileile, lakini iliyosagwa ina uso mkubwa zaidi unaogusana na maji. Hesabu yake ni hii. Kipande cha mchemraba chenye upande wa sentimita 1 kina uso wa sentimita za mraba 6 tu. Kikikatwa kuwa vipande vya nanomita 1 kila upande, nyuso zote zikijumlishwa hufikia mita za mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu. Ekari moja na nusu kutoka katika kitu kinachokaa juu ya ncha ya kidole! Ndiyo sababu kitu kilekile kikiwa kidogo mno huweza kufanya kazi ambayo kikiwa kikubwa hakiiwezi. Ndiyo sababu pia huweza kupenya mahali ambapo hakikutarajiwa, na hapo tahadhari inahitajika. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wenye shule na wasio na shule

Wako wanaodhani kwamba elimu hii haiwezekani bila mashine za thamani kubwa. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 1774 ilichapishwa taarifa ya Benjamin Franklin, aliyemwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai juu ya bwawa la Clapham, London, akaona yametanda na kutuliza maji mpaka kufikia nusu ekari. Franklin hakuifanya hesabu iliyobaki, lakini Katibu yeyote anaweza kuifanya. Kijiko cha mililita 5 kikitandazwa juu ya mita za mraba 2,000, unene wa mafuta ni kadiri ya nanomita 2 na nusu. Watu walikuwa wamekwisha kukipima kitu cha nanomita kabla neno lenyewe halijazaliwa.

Naye Agnes Pockels wa Ujerumani hakusoma chuo kikuu, maana zama zake milango ya vyuo ilikuwa imefungwa kwa wanawake. Alikuwa akitunza nyumba ya wazazi wake. Alipokuwa akiosha vyombo aliona jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wa maji, akatengeneza chombo chake cha kupimia humo humo jikoni. Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, naye akahakikisha kwamba matokeo hayo yanachapishwa katika jarida la sayansi. Baadaye wataalamu waliendeleza kazi yao juu ya msingi uliotoka katika karai la mama wa nyumbani. Basi asidharauliwe mwanachama yeyote kwa kuwa hakupita darasani.

Katika Marekani jambo hili lilipangwa kitaifa. Mwaka 2005, kwa fedha za serikali, jumba la sayansi la Boston lilishirikiana na yale ya Minnesota na San Francisco kuunda mtandao wa kufundisha nanoteknolojia nje ya shule. Kuanzia mwaka 2008 ziliadhimishwa kila mwaka Siku za Nano. Masanduku ya vifaa vyepesi yalipelekwa katika majumba ya makumbusho na vyuo nchini kote, ili watoto, wazazi na wazee wafanye majaribio kwa mikono yao. Linalostahili kuigwa zaidi ni hili: wageni hawakuhubiriwa kwamba nanoteknolojia ni njema wala kwamba ni mbaya. Waliwekewa mezani faida na hatari, wakaachwa wajadiliane.

Majaribio yanayofaa mkutanoni

Yapo majaribio manne ambayo chama chochote kinaweza kuyafanya kabla ya mkutano kuanza, bila gharama ya kutajika.

La kwanza ni la karatasi. Mtoto akate ukanda wa karatasi wa sentimita 20 katikati, kisha nusu yake katikati, aendelee hivyo. Akifika mara ya nane mkasi utakuwa umeshindwa, kwani kipande kilichobaki hakifiki milimita moja. Ili kufikia chini ya nanomita moja angepaswa kukata mara 28. Mkutano utaelewa udogo huo bila kuhutubiwa.

La pili ni la puto. Tone la vanila litiwe ndani ya puto, puto lipulizwe na kufungwa barabara. Baada ya muda mfupi wazee wapewe walinuse. Harufu itasikika nje ingawa hakuna tundu linaloonekana. Chembe za harufu ni ndogo kiasi cha kupenya katikati ya chembe za mpira.

La tatu ni la mafuta. Beseni la maji safi linyunyiziwe unga wa chaki juu yake, kisha ncha ya njiti iliyochovywa katika mafuta ya kula iguse katikati. Unga utakimbilia pembeni, na duara la mafuta litaonekana. Hilo ndilo bwawa la Franklin ndani ya beseni.

La nne halihitaji hata senti moja. Lichumwe jani la gimbi bichi, limwagiwe maji. Maji hayalowi; hujikusanya kuwa matone na kubingirika, yakichukua vumbi njiani. Juu ya jani hilo vimo vinundu na nta nyembamba visivyoonekana kwa macho, na tone hukalia ncha zake tu. Baadhi ya nguo zinazouzwa kuwa hazilowi zimebuniwa kwa kuiga majani ya namna hiyo. Bibi aliyelima magimbi miaka 50 ameliona jambo hilo kila masika. Yeye ndiye apewe nafasi ya kulieleza, na mwalimu amwongezee sababu.

Hesabu ya chupa na mfuko

Sasa yafaa kutazama kwa nini elimu hii ni suala la fedha za wanachama. Huko India upo ushirika mkubwa wa mbolea wa wakulima uitwao IFFCO, unaomilikiwa na vyama zaidi ya 30,000. Mwaka 2021 ushirika huo ulianza kuuza yurea ya nano ya maji, ukieleza kwamba chupa moja ya mililita 500 inayonyunyiziwa majani inaweza kushika nafasi ya mfuko mmoja wa yurea wa kilo 45. Sifa zake zilikuwa nyingi: chupa hubebwa mkononi, gharama ya usafiri hupungua, na ardhi haichafuliwi.

Katibu makini huanza na hesabu. Chupa hiyo ya kwanza ilikuwa na naitrojeni asilimia 4, yaani gramu 20. Mfuko wa kilo 45 wa yurea ya kawaida una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 20 na gramu 700. Mfuko unaishinda chupa zaidi ya mara 1,000. Watengenezaji walijibu kwamba chembe ndogo huingia katika jani bila kupotea, na kwamba majaribio yao yalionyesha mavuno kuongezeka. Lakini majaribio ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab yalionyesha mavuno ya ngano na mpunga kupungua pale naitrojeni ya kawaida ilipopunguzwa na chupa kutiwa badala yake. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nao waliandika kwamba madai hayo hayakuwa na msingi wa kutosha wa sayansi. Baadaye ushirika huo ulitoa aina nyingine yenye naitrojeni nyingi zaidi.

Ndugu Makatibu, somo hapa si kwamba kila chupa ni hila. Hata ushirika wenye wataalamu wake unaweza kubishaniwa, na mkulima ndiye anayebeba hasara mbishano ukiendelea. Hasara hiyo huja msimu mzima baadaye, wakati risiti imekwisha kupotea. Mwanachama aliyejifunza hesabu ile ya gramu 20 angalijaribu kwanza katika robo ekari.

Mfano wa maji ya Arusha

Upo pia mfano wa kutia moyo, nao uko nyumbani Tanzania. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara maji yana floraidi nyingi, na wengi wamekua wakiwa na meno ya rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtaalamu Mtanzania, Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, aliyesomea nanoteknolojia Korea ya Kusini, alibuni kichujio kinachounganisha mchanga na chembe za nano zinazochaguliwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali penyewe. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi kutoka Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000.

Iangaliwe sababu ya kazi hiyo kuaminika: maji hupimwa kabla na baada. Vilevile kichujio hicho si njia ya pekee. Kituo cha Ngurdoto kimeshughulikia kwa miaka mingi uondoaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mwanachama aliyeelimishwa hulinganisha njia hizo kwa bei, kwa urahisi wa matengenezo na kwa cheti cha maabara, pasipo kubabaishwa na jina.

Wajibu wa Katibu na Bodi

Waasisi wa Rochdale walioanzisha chama chao mwaka 1844 walitenga sehemu ya ziada kwa ajili ya elimu, na elimu ingali mojawapo ya misingi saba ya ushirika duniani. Fungu la elimu lililoandikwa katika makisio na kisha kuhamishiwa posho za vikao ni deni kwa wanachama, hata kama vitabu vya hesabu vinawiana.

Basi inapasa Katibu awaalike mwalimu wa sayansi wa shule iliyo jirani na Bwana Shamba au Bibi Shamba, ili kila mkutano uwe na nusu saa ya somo. Watoto waje na wazazi wao, kwani mtoto aliyekata karatasi mara nane ataeleza nyumbani kuliko bango la ukutani. Bodi isinunue pembejeo yoyote yenye jina la nano kabla maswali manne hayajajibiwa kwa maandishi: Ndani yake mna nini na kiasi gani? Nani alijaribu, mbali na muuzaji? Imesajiliwa? Kwa mbolea, jibu hilo litoke Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Nayo mabaki na chupa tupu vitatupwa wapi bila kudhuru watu na maji?

Majibu yasomwe mbele ya wanachama wote, kwa sauti, kama zinavyosomwa kilo za mizani. Mzee aliyeketi nyuma akiinua mkono na kuuliza, "Gramu ngapi?", Katibu asikasirike wala asimkatize. Swali hilo ndilo dalili kwamba fungu la elimu limetumika vizuri.