Milango ya Bweni: Kwa Nini Kifungu cha Tisa Kibaki Kwenye Bajeti

(Maneno ya mweka hazina katika harambee ya ujenzi wa bweni la wasichana)

  

Nimepewa nafasi ya kueleza bajeti ya bweni. Sehemu kubwa ya bajeti hiyo haina ubishi. Saruji ni saruji, bati ni bati, na bei zote ziko kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho wa kijarida mlichopewa mlangoni. Hamkuja hapa kusomewa bei ya misumari. Nitazungumzia kifungu kimoja tu, cha tisa, ambacho kamati ilikijadili mara mbili na ambacho baadhi yenu mmenipigia simu mkitaka kifutwe: milango, madirisha na vifaa vya uokoaji. Mnauliza, na ni haki yenu kuuliza, kwa nini tulipe zaidi kwa grili zinazofunguka, wakati fundi wa kuchomelea pale sokoni anatengeneza grili imara zisizofunguka kwa bei ndogo.

Jibu langu linaanzia kwa watu wa zimamoto na jinsi wanavyoingia kwenye jengo lililofungwa. Mimi ni mhasibu, sijawahi kuzima moto wa mtu. Lakini kwenye jengo la ofisi yetu tunapewa mafunzo ya kujikinga na moto, na mafunzo yakiisha mimi hubaki nyuma kuwauliza maofisa maswali mpaka wanatazama saa.

Jambo la kwanza analofanya askari wa zimamoto mbele ya mlango uliofungwa litawachekesha: anajaribu kitasa. Milango mingi inayodhaniwa imefungwa haijafungwa. Ikiwa imefungwa kweli, anauliza nani ana ufunguo, na mwenzake anazunguka jengo kutafuta mlango mwingine au dirisha lililo wazi. Kuvunja ni hatua ya baadaye, kwa sababu kuvunja kunakula muda. Kisha anausoma mlango. Ukiona bawaba ukiwa nje, ujue mlango unafunguka kuja kwako, na utaubanjua. Usipoziona, unafunguka kwenda ndani, na utausukuma. Na akipiga, hapigi katikati ya ubao kama tunavyoona kwenye sinema. Anapiga jirani na kitasa.

Chombo chao maarufu duniani kinaitwa Halligan, kwa jina la Hugh Halligan, kiongozi wa zimamoto wa New York aliyekibuni miaka ya 1940. Ni mtaimbo mfupi. Ncha moja imegawanyika kama uma, na nyingine ina ubapa kama tezo na mwiba pembeni yake. Watu wawili wanafanya kazi pamoja: mmoja anakichomeka kati ya mlango na fremu, mwingine anakigongelea kwa kisogo cha shoka. Kikizama, wanakikandamiza, fremu inaachia, na kitasa kinachomoka. Kufuli ya nje inakatwa kwa mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Kioo cha dirisha wanakivunja wakiwa wamesimama pembeni, wakianzia juu, ili vipande visiteremke kwenye mpini hadi mikononi mwao. Mlango wa mbao, kwa watu wenye mazoezi, ni kazi ya muda mfupi.

Tatizo ni nondo. Nilipomuuliza ofisa mmoja kuhusu madirisha yenye grili iliyozamishwa ukutani, aliniuliza mimi: lina nondo ngapi? Tufanye hesabu, maana hapo niko kwangu. Mchoro wetu wa kwanza ulikuwa na madirisha 12, kila dirisha nondo 8. Ukitaka kukata nondo 4 tu ili mtoto apite, kila nondo juu na chini, hiyo ni mikato 8 kwa dirisha moja. Mikato 8 kwa msumeno wa umeme, ambao huenda hauna umeme kwa sababu moto umeshakata nyaya, au kwa mashine ya petroli ambayo lazima iwe imeshafika. Wakati huo ndani kuna magodoro ya sponji, nguo, na matranka yaliyopangwa chini ya vitanda vya ghorofa. Chumba cha namna hiyo kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika chache, na mara nyingi moshi huua kabla ya moto kumfikia mtu.

Tena kuna suala la hewa, ambalo wengi wetu hatulijui. Moto uliofungiwa ndani huwa umeishiwa hewa. Ukivunja mlango kwa pupa, unaupa pumzi, na unaweza kulipuka usoni kwako. Kwa hiyo zimamoto wanagusa mlango kwanza kwa mgongo wa kiganja kuona una joto kiasi gani, wanainama chini au kukaa pembeni, wanakuwa na maji tayari, na wanaufungua kwa kiasi. Jirani aliyekuja mbio na shoka hayajui hayo. Nalisema hili kwa sababu kwetu huko juu mlimani jirani ndiye atakayefika kwanza. Gari likitokea Moshi mjini usiku, kwa barabara tunayoijua wote, litakuta mambo yameshaamuliwa. Siwalaumu askari wa zimamoto hata kidogo. Ni umbali tu.

Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kuhadithiwa na mtu wa mbali. Juni 1994, bweni la wasichana la Shauritanga, Rombo, liliungua usiku, na zaidi ya wanafunzi 40 walikufa. Mimi na wengi wa rika langu mlio humu tulikuwa watoto, na tunakumbuka jinsi wazazi wetu walivyonyamaza wiki ile. Machi 2001, Kyanguli, huko Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa. Moto ule uliwashwa makusudi kwa petroli, lakini mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2020, Kyerwa mkoani Kagera, moto uliua wanafunzi 10 katika bweni la shule ya msingi. Kila moto una chanzo chake. Chanzo hatuwezi kukizuia chote, hata tuweke umeme wa jua na kupiga marufuku mishumaa. Ila uamuzi wa mlango ni wetu, na tunaufanya leo, kabla fundi hajajenga fremu.

Wenzetu wa Kenya, kwenye mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, waliandika mambo yanayoeleweka na kila fundi. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango iwe na upana wa futi 5, ifunguke kwenda nje, na isifungwe kwa kufuli wakati wanafunzi wako ndani. Madirisha yasiwe na grili, na yafunguke kwenda nje. Huko kufunguka kwenda nje si urembo. Watoto 60 wakiukimbilia mlango unaofunguka kwenda ndani, wa mbele wanabanwa na wa nyuma, na hakuna anayeweza kuuvuta.

Marekani walijifunza kwa gharama hiyo hiyo. Desemba 1903 ukumbi wa maonyesho wa Iroquois, Chicago, uliungua na watu 602 walikufa, wengi wao wakiwa wamekwama kwenye milango wasiyoweza kuifungua. Muuza vifaa vya ujenzi mmoja wa Indianapolis, Carl Prinzler, alikuwa ahudhurie onyesho lile akakosa kwa sababu ya kazi. Yeye na msanifu Henry DuPont wakatoa, mwaka 1908, kufuli yenye fito ya kulala katikati ya mlango: ukiisukuma hata kwa tumbo, mlango unafunguka. Kwa nje umefungwa kwa mtu yeyote, kwa ndani uko wazi kwa mtoto. Fito ya namna hiyo ndiyo tuliyoiweka kwenye milango miwili ya mwisho, na ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye kifungu cha tisa.

Sasa niwajibu kina mama walioniambia, mwanangu, unawaza moto, sisi tunawaza wezi na vijana watakaoruka ukuta usiku. Mna haki. Bweni la wasichana lisilo na ulinzi sitalisaini mimi. Ndiyo maana hatukufuata mwongozo wa Kenya neno kwa neno. Tumebakiza grili kwenye madirisha yote 12, ila 6 kati yake, matatu kila upande wa jengo, zina bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Komeo limekingwa kwa kibati ili mtu wa nje asiingize mkono akalifikia. Mwizi bado atakuta chuma. Msichana aliye ndani atavuta komeo moja na kusukuma.

Vilivyobaki ni vidogo, ila msivikate. Tumeomba mtaimbo, shoka, nyundo kubwa, mkasi wa kukatia vyuma na ngazi, vining'inizwe nje ya ukuta wa jiko, mahali pasipofungwa. Mkipanga kuvifungia stoo ili visiibwe, basi msivinunue kabisa. Mtaimbo uliofungiwa stoo unahitaji mtaimbo mwingine wa kuutoa. Tumeomba seti tatu za funguo zenye vibao vya majina: moja kwa matroni, moja kwa mlinzi, moja kwa mkuu wa shule. Marekani, tangu miaka ya 1970, majengo mengi huwa na kisanduku cha chuma ukutani chenye funguo za jengo, na zimamoto peke yao ndio wanaoweza kukifungua. Kwetu matroni anayelala pale pale anatosha, mradi funguo zisisafiri naye likizo.

Lipo pia geti. Mwaka juzi tulichangia tao zuri la zege lenye jina la shule. Gari kubwa la zimamoto linakaribia mita 3 kwenda juu, na mengine yanazidi. Naomba kamati ya ujenzi ilipime tao lile kabla ya gari kulipima. Na namba ya zimamoto, 114, iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa bweni na kwenye nyumba ya mlinzi. Anayepiga aseme mahali, watu wangapi wako ndani, na mlango upi umefungwa. Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya wateremke na chombo sahihi. Wakifika, msisimame getini kubishana nao kuhusu nani atalipa mlango. Sheria inawapa mamlaka ya kuingia, na mlango tutaulipa sisi.

Na kwa kuwa nimeshika kipaza sauti, niseme na hili, wenzangu wa mjini mtanisamehe. Tumejenga nyumba nzuri kihambani, zina grili kila dirisha, na tunazifunga miezi kumi na moja, funguo tukija nazo huku Dar. Wengine ndani tumemwacha bibi na mjukuu mmoja, na usiku geti linafungwa kwa kufuli mbili. Moto ukitokea, jirani atakupigia simu wewe uliye Kimara umwelekeze jinsi ya kuingia kwa mama yako. Desemba hii, tukipanda nyumbani, mwachieni ufunguo mtu mnayemwamini pale jirani.

Mwenyekiti ameshanionyesha saa. Fundi ametuletea grili moja ya mfano, na tumeifunga kwenye fremu pale nyuma ya ukumbi, karibu na meza ya chai. Nendeni mkaijaribu. Fumbeni macho kwanza, maana bwenini kutakuwa na giza na moshi, kisha mtafute komeo kwa mkono. Mkishindwa kulipata, mniambie leo leo, tulisogeze kabla fundi hajatengeneza nyingine tano. Ahadi za kifungu cha tisa zinaandikwa kwenye meza ya kushoto, fedha taslimu na malipo ya simu yote yanapokelewa, na risiti mnapewa hapo hapo.