Mjue Dumuzi Kabla ya Kununua Dawa
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Ng'ambo, Tabora)



Katika sikukuu hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wenzangu watasema juu ya bei na mizani. Mimi nimepewa dakika chache niseme juu ya mdudu, tena mdudu ambaye sifa yake mbaya katika Afrika ilianzia hapa kwetu Tabora.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa mkoa huu waliona mahindi yao yakigeuka unga yangali katika magunzi. Ilikuwa rahisi kusema, "Ni fukusi tu," maana fukusi tulimzoea tangu enzi za mababu. Mwaka 1981 ndipo ilipotangazwa kwamba huyu ni mgeni, Prostephanus truncatus, ambaye kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Yadhaniwa alifika ndani ya mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Wengine walimwita dumuzi, wengine Scania, kwa jina la yale malori makubwa. Sisi watu wa njia ya misafara twajua kwamba mzigo hausafiri peke yake: mwaka 1983 alikwisha kuonekana Taveta, nchi ya Kenya. Waliopima mahindi ya vijijini miaka ile walikuta mengine yamepoteza hata theluthi ya uzito kwa miezi michache.

Jina lina faida gani? Nitakiri kosa langu. Mwaka mmoja nilikwenda dukani, nikaulizwa ni mdudu gani, nami bila kutazama nikajibu, "Fukusi." Nikauziwa dawa ya fukusi, pirimifosi-methili peke yake. Fukusi hufa kwayo, dumuzi huistahimili. Permethrini humwua dumuzi, lakini kwa fukusi ni dhaifu. Ndiyo sababu hizo mbili zikachanganywa katika unga mmoja. Nilipofungua magunia, mke wangu hakusema neno. Alichukua ungo, akapepeta, akanionyesha kilichobaki.

Basi mwageni punje juu ya kitambaa cheupe. Fukusi ana mkonga mbele, kama tembo. Dumuzi hana, kichwa chake kimeinama chini ya kifua, ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma amekatika kama gogo lililopigwa shoka. Unga mwingi pia ni alama yake. Akiwa ndiye, pukuchueni upesi, kwa maana katika gunzi punje zimeshikwa imara naye hutoboa kwa urahisi, kisha mchanganye punje na dawa ipasayo. Makopa ya muhogo nayo myaangalie, hata nguzo za ghala, kwani mti pia hutoboa.

Nimeleta vichupa viwili na kioo cha kukuzia. Vipo mezani karibu na mlango. Tafadhali msifungue cha kushoto. Wale wangali hai.