Kabla ya Kukipa Kikohozi Jina: Namna Tunavyopumua na Maradhi ya Kifua

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Morogoro



Nimeombwa nizungumzie mfumo wa upumuaji na magonjwa yake. Nikiifuata mada hii kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia pua hadi sura ya mwisho, chakula cha mchana kitatukuta bado tuko kooni na nusu yenu mmesinzia. Kwa hiyo naomba nianzie kwenye kimeo.

Katika vijiji nilivyofanyia kazi miaka yangu ya utabibu, fundi wa kukata kimeo hakukosekana. Mtoto anakohoa wiki nzima, bibi anamfunua mdomo, anakiona kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, anasema, "Huyu kimeo kimeshuka." Wembe unafanya kazi yake. Wengine wanapona, kwa kuwa kikohozi kilikuwa cha mafua na kingeisha chenyewe, na sifa zinakwenda kwa fundi. Wengine wanavuja damu, wengine wanapata pepopunda. Ninaowakumbuka zaidi ni wale waliokuwa na nimonia tangu mwanzo, wakapotezewa siku mbili tatu kusubiri kidonda kikauke.

Bibi simcheki. Alisikia kikohozi, akatafuta kinakotoka, akaishia pale macho yake yanapofika. Na mimi mwenye cheti sikuwa mbali naye. Mwaka wangu wa pili kazini mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi minane. "Hakohoi sana, daktari, ila hanyonyi vizuri." Nilisikia hilo la "hakohoi sana" nikatulia, nikampa dawa ya homa. Kesho yake alirudi. Safari hii nilimfunua nguo nikahesabu: pumzi 68 kwa dakika. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la kubeba mahindi, akapona, lakini kwa rehema za Mungu, maana mimi jana yake sikuwa nimemsaidia lolote. Nilikuwa nimesikiliza kikohozi bila kutazama pumzi.

Sasa tuifuate hewa, ili tujue kwa nini pumzi inasema kuliko kikohozi.

Puani hewa inachujwa, inapashwa joto na kutiwa unyevu. Kooni inakuta njia panda: chakula kwenye umio, hewa kwenye bomba lake. Mlango wa bomba hilo unalindwa na kidakatonge, na jina limejieleza. (Wapo wanaokiita kidakatonge kimeo chenyewe; mimi nazungumzia kile kifuniko cha chini, juu ya zoloto.) Bomba la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12, limeshikiliwa na pete za gegedu lisijikunje. Kisha linagawanyika, tawi moja kila pafu. Tawi la kulia ni pana zaidi na limeshuka wima zaidi, ndiyo maana karanga ikimpalia mtoto, mara nyingi utaikuta upande wa kulia.

Matawi hayo yanaendelea kugawanyika, kama mara 23, mpaka kwenye vifuko vya hewa. Viko milioni mia kadhaa, na ukivitandaza vyote vinafika mita za mraba kama 70, yaani karibu sakafu ya darasa moja la shule ya msingi. Darasa zima limekunjwa ndani ya kifua! Ukuta wa kifuko ni mwembamba kupindukia, na ng'ambo yake damu inapita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Hapo oksijeni inavuka kuingia kwenye damu na kaboni dayoksaidi inavuka kutoka. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Tunayoitoa bado ina kama 16. Ndiyo maana unaweza kumpulizia mtu mdomoni akaokoka: pumzi yako iliyotumika bado inamfaa.

Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujivuta. Yanavutwa, kama mivukuto ya mhunzi. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kinashuka, mbavu zinainuka, nafasi inaongezeka, hewa inaingia. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, kama nusu lita kila mara, bila kukumbuka. Anayekumbuka ni ubongo, na unachopima zaidi si upungufu wa oksijeni; ni wingi wa kaboni dayoksaidi kwenye damu.

Turudi kwa yule mtoto. Nimonia, ambayo wazee wengine huiita kichomi, ni vifuko kujaa majimaji na usaha. Sehemu ya darasa letu imefurika, haitumiki. Tena pafu lililojaa linakuwa gumu, halitanuki kirahisi. Mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu, basi anavuta fupi fupi nyingi. Kasi ile ndiyo ugonjwa unaouona kwa macho. Kikohozi chaweza kuwa kidogo, tena kwa mtoto mchanga chaweza kukosekana kabisa.

Viwango mnavyo kwenye kitini, lakini naomba vikae kichwani. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, 40 au zaidi. Mhesabu dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio. Asiwe analia wala ananyonya. Mama ndiye apandishe nguo. Wewe ukimgusa, atalia na hesabu imekufa. Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua. Mbavu za mtoto ni laini, na kiwambo kikivuta kwa nguvu kupigana na pafu gumu, sehemu ile inabonyea ndani badala ya kutoka nje. Ukiona kifua kinabonyea hivyo kila anapovuta, au mtoto hawezi kunyonya, au amelegea, usianze mazungumzo ya kimeo wala ya nauli. Mtoto aende kituoni. Wa chini ya miezi miwili mwenye pumzi za haraka, vivyo hivyo, hata kama mama anasema jana alikuwa anacheza. Chanjo ya nimonia inatolewa kwa watoto nchini tangu 2013, na imesaidia sana, ila haizuii vimelea vyote.

Mafua na vikohozi vya kawaida nitavipita upesi. Vingi ni vya virusi, na antibiotiki haiviponyi. Asali kwa mtoto aliyetimiza mwaka, maji, maziwa ya mama, subira.

Pumu ni habari nyingine. Hapa vifuko havina neno. Mirija ndiyo inayobana. Kuta zake zimevimba, misuli yake imejikaza, ute umejaa, na hewa inapopenya njia nyembamba inapiga mluzi. Mgonjwa anaingiza hewa, kuitoa ndiyo kazi. Kuna jambo moja linawadanganya hata waliosomea: mgonjwa aliyekuwa anapiga mluzi akinyamaza ghafla, huku anatokwa jasho na hawezi kumaliza sentensi, hajapata nafuu. Hewa imepungua mno hata haitoi tena sauti.

Mtaani wanasema inhela inazoesha, ukianza hutaacha. Matokeo yake mtu anavumilia hadi usiku wa manane, ndipo anatafuta bodaboda. Inhela ya kufungua mirija inalegeza misuli tu, haiondoi uvimbe. Anayeihitaji mara kwa mara anahitaji pia ile ya kupunguza uvimbe, ya kila siku, na hilo litaamuliwa kliniki. Mtoto asiyeweza kuvuta sawasawa anahitaji chombo cha katikati. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni tundu la kukaza mdomo wa inhela, inafanya kazi hiyo vizuri. Chupa za maji tunazo za kutosha humu ukumbini.

Kwenye kifua kikuu, nakiri, kikohozi kinapata haki yake. Wiki mbili au zaidi, peleka makohozi. Kwa anayeishi na VVU usisubiri wiki hizo. Kikohozi chochote kipimwe. Uliza pia jasho la usiku, homa na kukonda. Bakteria huyu huzaliana polepole, karibu mara moja kwa siku, na hujificha ndani ya seli zinazotakiwa kumuua. Ndiyo maana tiba ya kawaida ni miezi 6, na ndiyo maana mgonjwa huona amepona mwezi wa pili akaziacha dawa. Kumfuatilia mgonjwa huyo amalize ni kazi yenu, na ina historia hapa nyumbani: mpango wa taifa ulioanza 1977, Dkt. Karel Styblo akiwa mshauri wake, ndio uliolifundisha Shirika la Afya Duniani namna ya kumsimamia mgonjwa ameze dawa hadi mwisho. Na hapa Morogoro kwetu, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wanafundishwa kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja kwa dakika kama 20, na wamewaibua wagonjwa waliokuwa wamekosekana kwenye darubini.

Anayekuja kutoka migodini muulize zaidi. Vumbi la mwamba linalopulizwa na mashine za kutoboa hubaki pafuni, linazidhoofisha seli zilezile zinazopambana na kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto huko Siha, iliyoanzishwa 1926, inawajua vizuri wachimbaji wa Mirerani.

La mwisho ni moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2. Serikali yetu imejiwekea lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mpaka hapo, mafiga yapo. Mama aliyepuliza kuni miaka thelathini, asiyewahi kuvuta sigara, anaweza kutweta kilimani kama mvutaji, na mirija yake haifunguki tena kama ya mwenye pumu. Kaeni naye, msimwambie anunue gesi kesho asubuhi. Kuni kavu, jiko la nje, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza.

Mkaa una hila yake. Hauna moshi, kwa hiyo watu huuingiza chumbani wakati wa baridi na kufunga dirisha. Kaboni monoksidi haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mgonjwa wa namna hiyo hakohoi kabisa. Hata kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kinaweza kuonyesha yuko salama. Mtoe nje kwanza, mengine baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, nikiruhusiwa, baada ya chai tukae wawili wawili. Kila mmoja ahesabu pumzi za mwenzake dakika nzima kwa saa ya simu, lakini asimwambie anaanza lini. Mtu akijua anahesabiwa, pumzi zake hubadilika.