Kilo za mtoto si kilo za pamba

Msikilizaji, hapa Simiyu mizani tunaijua. Msimu wa pamba ukifika, mkulima wa Maswa, Meatu au Itilima anasimama kituoni macho kwenye kilo, maana kilo ndizo pesa. Kosa letu ni kuwatazama watoto wetu kwa jicho hilohilo.

Binti wa kidato cha pili anarudi likizo. Kabla hajatua begi, shangazi anamwambia, "Mbona umekuwa bonge hivi?" Kaka yake, mrefu mwembamba, anaitwa njiti mbele ya wageni. Watu wanacheka, na watoto wenyewe wanacheka. Kesho yake binti anasogeza sahani ya ugali pembeni, eti ameshiba. Kijana naye anaacha mazoezi ya Umisseta, michezo ya shule za sekondari, hataki kuvua shati mbele ya wenzake.

Tuielewe miili hii. Msichana huanza kukua kwa kasi mapema, mara nyingi mwaka mmoja au miwili kabla ya mvulana, na mafuta yanayoongezeka nyongani na mapajani ni sehemu ya kukomaa kwake. Mvulana hurefuka kwanza, misuli hufuata.

Kipimo cha uzito kwa urefu cha mtu mzima nacho hupotosha. Chukua binti wa miaka 14, urefu mita 1.50, kilo 41. Zidisha urefu kwa urefu, kisha gawa kilo kwa jibu hilo: unapata 18.2. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani la umri na jinsia yake, binti huyu yuko salama.

Akijinyima chakula naye ameshaanza hedhi, anajitafutia upungufu wa damu. Na anayenunua vidonge vya mtaani ili anenepe hajui anameza nini.

Kwa hiyo nasema wazi: utani juu ya miili ya watoto ukome, nyumbani na darasani. Mtoto akikonda ghafla, akikosa hedhi au akikwepa kula na wenzake, mpeleke kituo cha afya apimwe faragha. Sahanini, michembe ya viazi vitamu isibaki peke yake. Iongezewe dagaa, maharage, mlenda na maziwa, kwa binti na kwa kijana sawasawa. Kusema kilo zimezidi au zimepungua ni kazi ya mhudumu wa afya mwenye jedwali la umri wa mtoto. Yetu sisi ni kumlisha na kumheshimu.