Binti Zetu Wawaone Dada Zao

 

Nimeombwa nizungumzie binti zetu na masomo ya sayansi. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo mtanivumilia, mwishoni nitaomba fedha.

Wengi wetu tunakumbuka kidato cha pili. Matokeo yakishatoka, unachagua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Binti ana miaka 15 hivi. Akiziacha hapo, udaktari na uhandisi vimeshaondoka, na hakuna aliyemfukuza. Ipogolo malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana; mtoto anajua mapema dereva ni nani, utingo ni nani, mama lishe ni nani. Mfamasia ambaye anaweza kumwita shangazi, hajamwona.

Wanawake wa mfano nchi inao. Profesa Esther Mwaikambo, daktari wa kwanza mwanamke Mtanzania, alikuwa mwanzilishi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake, mwaka 1987. Dkt. Mwele Malecela alitafiti matende kwa miaka mingi, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa. Mwaka 2018 alikwenda Geneva kuongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayopambana na magonjwa kama hayo ya watu maskini, hadi alipofariki Februari 2022. Picha zao zibandikwe madarasani, sina ubishi. Lakini picha haiulizwi swali.

Sikilizeni ya Kampala. Mtafiti Emma Riley aliwapeleka wanafunzi sinema muda mfupi kabla ya mitihani ya taifa. Wengine waliona Queen of Katwe, habari ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa maskini wa Katwe aliyekuja kuwa bingwa wa sataranji. Wengine walionyeshwa filamu isiyohusu maisha yao. Kwa wale wa kidato cha nne, walioiona ya Phiona walipungua kufeli hisabati, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Filamu yenyewe haifundishi hisabati! Ilimwonyesha tu binti wa mitaa yao. Nimekagua miradi mingi, sijakutana na wa bei rahisi namna hiyo.

Sisi hata filamu hatuhitaji. Humu ukumbini wamo wauguzi, wafamasia, walimu wa kemia, na mhandisi mmoja anayejificha pale nyuma. Waende wakaseme ada ililipwa na nani, fizikia iliwatesa vipi, mshahara unatosha au hautoshi. Na wakiulizwa kama wameolewa wajibu, maana wataulizwa.

Sasa fedha. Bajeti yetu ina mstari unaoitwa "uhamasishaji", na sote tunajua unaishia kwenye fulana. Naomba ugeuzwe kuwa nauli: wageni wawili kila muhula, walewale warudi tena, siyo kupiga picha na kuondoka. Basi la Mbeya linawashusha Ipogolo palepale barabarani. Kitakachobaki kinunue kemikali na vifaa vya maabara, kwa sababu binti aliyepata hamu ya kemia halafu akachorewa jaribio ubaoni tumemdanganya.

Fomu za ahadi ziko kwa mhazini. Dada zetu wa sayansi, fomu yenu ni tofauti kidogo: haiulizi kiasi, inauliza likizo yako ni lini.