Mashine Ikisimama, Tuulize "Kwa Nini?" Kabla ya Kuuliza "Nani?"

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wafanyakazi wa viwanda vya maziwa na wanachama wa vyama vya ushirika.



Mimi si mhandisi. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kuwaeleza wakazi yale yanayotendeka katika kaunti yao. Nimeombwa nizungumzie programu za kompyuta za kusimamia uzalishaji. Nitaanza na kosa ambalo nusura nilifanye.

Nilikwenda katika kiwanda kimoja cha maziwa, ambacho sitakitaja, kuandika habari njema. Nikakuta mabishano. Pakiti za maziwa zilikuwa zinavuja na wenye maduka walikuwa wanazirudisha. Msimamizi alisema lawama ni za dada mmoja wa zamu ya usiku, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa karibu kuandikwa. Nami kwenye daftari langu nilikuwa tayari nimeandika maneno "uzembe wa wafanyakazi."

Fundi mmoja akaomba tuhesabu kwanza. Kwa wiki moja, kila zamu iliandika idadi ya pakiti zilizovuja na saa zilipovuja. Ikaonekana kwamba zilivuja katika zamu zote. Usiku zilionekana nyingi kwa sababu usiku ndipo pakiti nyingi zaidi zilipofungwa.

Ndipo wakaanza kuuliza kwa nini. Kwa nini pakiti zinavuja? Mshono haushiki. Kwa nini haushiki? Utepe unaofunika chuma cha moto cha kufungia pakiti umechakaa. Kwa nini haukubadilishwa? Stoo hakuna mwingine. Kwa nini hakuna? Huagizwa baada ya kwisha. Kwa nini baada ya kwisha? Hakuna anayeandika utepe mmoja hufunga pakiti ngapi kabla ya kuchakaa.

Tatizo lilikuwa daftari la stoo. Dada yule alibaki kazini, na habari yangu nikaiandika upya.

Huu mtindo wa kuuliza "kwa nini" mara tano unajulikana sana kutokana na kampuni ya Toyota ya Japani. Mwaka 1924, Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma nguo uliojisimamisha wenyewe uzi ulipokatika, ili usiendelee kufuma nguo mbovu. Baadaye, katika viwanda vya magari vya Toyota, mfanyakazi alipewa kamba ya kuvuta anapoona kasoro. Mkubwa wake huja kumsaidia, si kumkaripia.

Programu ya uzalishaji inafanya kazi kama ile kamba, na kwa kuongezea inaweka kumbukumbu. Mashine ikisimama, mwendeshaji anagusa simu au tableti na kuchagua sababu: umeme, kipuri, maziwa hayajafika, usafi. Saa inajiandika. Mwisho wa wiki, programu inaonyesha ni sababu gani imekula dakika nyingi zaidi. Stoo nayo ikibaki na vipuri vichache kuliko kiwango mlichoweka, inatoa onyo kabla havijaisha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Zamu ni dakika 480. Mashine imesimama dakika 80, kwa hivyo imefanya kazi dakika 400. Uwezo wake ni pakiti 20 kwa dakika, basi tungetarajia pakiti 8,000. Zimetoka 6,400. Kati ya hizo, 320 zinavuja, zinabaki 6,080. Kama kila kitu kingekwenda sawa kwa dakika zote 480, zingetoka 9,600. Kiwanda hicho kimepata asilimia 63 tu ya uwezo wake, na huenda kila mtu alirudi nyumbani akidhani siku ilikuwa nzuri.

Mfugaji, hili linakuhusu. Maziwa hayangoji fundi. Ng'ombe hukamuliwa mashine iwe nzima au mbovu, na kiwanda kikisimama matangi hujaa, maziwa ya jioni yakarudishwa. Programu inaweza pia kufungamanisha namba ya pakiti na tangi ilikotoka na joto lililotumika. Kwa njia ya kawaida ya kuua vijidudu, maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15. Kukiwa na kasoro, kiwanda chenye kumbukumbu hurudisha pakiti za tangi moja. Kisicho na kumbukumbu huenda kikalazimika kurudisha za siku nzima.

Najua kuna hofu. Wafanyakazi wameniuliza kama chombo hiki kinaletwa kuwapeleleza. Swali hilo ni la haki. Kikitumiwa kutafuta wa kufukuza, watu wataandika uongo, na programu iliyolishwa uongo itatoa uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wasimamizi, waambieni watu wenu mapema mnaandika nini na kwa sababu gani. Taarifa zinazomtambulisha mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hata zikiwa ndani ya kiwanda.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, msinunue chochote mwezi huu. Chagueni mashine moja inayowasumbua, bandikeni karatasi kando yake, na muandike kila inaposimama kwa majuma manne. Karatasi ikiwashinda, kompyuta haitawaokoa. Pili, sababu za kuchagua zisizidi kumi. Tatu, kabla ya kulipa, muulize muuzaji: mtandao ukipotea, programu inaendelea kuandika? Tukihama, kumbukumbu zetu tutaondoka nazo? Zipo pia programu huria, kama ERPNext, ambazo hazina ada ya leseni, ingawa mtahitaji mtu wa kuziweka na kuzitunza. Nne, kila wiki mkae dakika 15, mwendeshaji, fundi na mtu wa stoo, mchague tatizo moja tu na mlimalize.

Mambo ya vyama vya ushirika ni sehemu ya majukumu ambayo Katiba imeyakabidhi kaunti. Kwa hivyo mkikwama, njooni kwa maafisa wa ushirika katika kaunti ndogo yenu. Njooni na ile karatasi ya majuma manne. Mazungumzo yataanzia hapo.

Na mara nyingine pakiti zikivuja, kabla ya kuandika barua ya mtu, hesabuni kwanza.